Sebule ya vioo inayoutazama Kibo: jibu kwa msomaji wa Rau, Moshi

Swali. Shikamoo mtaalamu. Tunajenga nyumba ya ghorofa moja huku Rau, Moshi. Boma la chini limefika juu ya madirisha na fundi anataka kumwaga linta, ule mkanda wa zege wa juu ya madirisha, mwisho wa mwezi. Binti yetu alituonyesha picha ya nyumba yenye ukuta mzima wa kioo, tukaipenda. Tunataka sebule iwe hivyo, mita 5 kwa mita 2.7, iutazame mlima. Chumba cha kulia na ngazi navyo vina madirisha makubwa upande wa machweo. Paa ni lile la kufichwa. Fundi alumini anasema tuweke kioo cheusi cha milimita 5 kila mahali, joto halitaingia. Jirani anasema bila kioo cha tabaka mbili tutaiva humo ndani. Baba watoto anasema ukuta wa kioo ni kualika wezi, tuachane nao. Tumsikilize nani?

Jibu. Marahaba mwanangu, na poleni na ujenzi. Nianze na lile lisiloweza kusubiri: msimwage linta kabla hamjaamua habari ya kioo. Aina ya kioo, rangi, fremu na pazia mnaweza kuvibadilisha hata mwakani. Boriti ya kubeba ukuta wa ghorofani juu ya uwazi wa mita 5, pamoja na kenopi ya zege ya kukipa kioo kivuli, haviongezwi baadaye ila kwa kubomoa. Vyote viwili vinafungwa nondo na kumwagwa siku moja na linta.

Kioo upande wa mlima nakiunga mkono kabisa. Kama ningekuwa mimi niliyewachorea ramani, ningekiweka, ingawa kidogo kuliko cha kwenye picha. Madirisha ya machweo ningeyapunguza sana. Rangi nyeusi ningeiacha, tabaka mbili pia ningeiacha, na fedha itakayobaki ningeitia kwenye kenopi na kwenye kioo cha usalama. Sasa nieleze kwa nini.

Jua la Moshi lina njia yake, na nyumba ya vioo inaanzia hapo. Mji wenu uko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Oktoba na karibu katikati ya Machi. Kati ya tarehe hizo, jua lote la mchana linakuwa upande wa kusini wa nyumba. Hiyo ndiyo miezi ya joto la Moshi, Januari na Februari hasa, usiku watu wanalala wakitafuta hewa. Kipindi chote hicho ukuta unaotazama kaskazini hauguswi na jua la moja kwa moja. Na ukiwa Rau, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kiko karibu kaskazini kamili. Yaani ukuta mnaotaka kuufanya kioo ndio ambao jua kali la mwaka haliufikii. Ndugu zetu wa Arusha wanaotaka kuutazama Kilimanjaro hawana bahati hiyo. Kwao mlima huo uko mashariki, na kila dirisha la kuutazama linapigwa na jua la asubuhi. Wanaotaka kioo kikubwa kwa amani nawashauri waugeukie Meru, ulio kaskazini mwa mji wao.

Kuanzia Aprili hadi Septemba jua huhamia kaskazini, lakini haliendi mbali. Tarehe 21 Juni, linapokuwa limeelekea kaskazini kuliko siku nyingine yoyote, saa sita na nusu mchana linasimama nyuzi 63 juu ya upeo wa macho. Bado liko juu sana. Kenopi inayotoka mita 1.2 nje ya ukuta, kwa jua la pembe hiyo, inashusha kivuli cha mita 2.36 kwenye kioo kilicho chini yake. Asubuhi na jioni za Juni na Julai litapenya kidogo kwa mshazari, na litakuta nyumba imepoa. Hilo mtalifurahia.

Sasa geukeni upande wa chumba cha kulia na ngazi. Mwezi Machi, saa kumi na nusu jioni, jua limeshuka hadi nyuzi 30 hivi na linaitazama nyumba usoni. Kenopi ile ile ya mita 1.2 hapo inafunika sentimita 70 tu za juu ya dirisha. Saa moja baadaye hazifiki hata 40. Hakuna upana wa paa utakaoshinda jua la namna hiyo, na nyinyi paa lenu ni la kufichwa, halina hata ukingo wa kutoka nje. Jioni yenye anga safi ukuta wa magharibi hupokea kirahisi wati 600 kwa kila mita ya mraba. Kioo cheupe cha kawaida kinapitisha zaidi ya asilimia 80 ya hizo. Chukua mita 6 tu za mraba za kioo: ndani zinaingia wati 2,900 hivi, kama vile mmewasha pasi tatu za umeme katikati ya chumba cha kulia na kuziacha mpaka jua lizame. Na hiyo ndiyo saa ambayo watoto wamerudi shule na chakula kinaandaliwa.

Kinachofanya joto hilo likae ni tabia ya kioo chenyewe. Mwanga wa jua ukishapita, unagonga sakafu, viti na ukuta. Vitu hivyo vinapata moto na kutoa joto la mawimbi marefu, ambalo kioo hakiliruhusu kupita. Linaingia kama mwanga, likitaka kutoka linakuta mlango umefungwa. Ndiyo sababu pazia zito la ndani halisaidii kama watu wanavyotumaini: linazuia mwanga, lakini wakati huo jua limeshaingia chumbani na pazia ndilo linalopashwa moto. Kivuli cha kufaa ni kile kinacholikamata jua likiwa bado nje.

Jambo hili wajenzi wamelijua tangu mwanzo wa majengo ya vioo. Joseph Paxton alipojenga jumba kubwa la chuma na vioo katika bustani ya Hyde Park, London, kwa maonyesho ya mwaka 1851, ilibidi paa lifunikwe vitambaa kwa nje ili watu wasiumizwe na jua, tena jua la Uingereza. Mwaka 1933 msanifu maarufu Le Corbusier aliwajengea Jeshi la Wokovu bweni mjini Paris lenye ukuta mzima wa kioo upande wa kusini, usiofunguka hata dirisha moja, akitegemea mitambo ya kupoza hewa ambayo haikukamilishwa. Wakati wa kiangazi wakazi waliteseka. Madirisha ya kufunguka yakawekwa, na miaka ya baadaye uso wa jengo ukaongezewa vizuizi vya jua kwa nje. Le Corbusier mwenyewe akawa mhubiri mkubwa wa vizuizi hivyo, na kutoka hapo wasanifu wa nchi za joto wakajaza majengo ya zege mapezi, yaani bao nyembamba za kivuli zinazotoka nje ya ukuta, na vizuizi vingine vya jua. Ukipita mjini Arusha ukaona ghorofa mpya ya vioo vitupu, halafu ukaona viyoyozi vimening'inia kila dirisha, ujue wapangaji wanalipa kila mwezi gharama ya kivuli ambacho mwenye jengo hakukijenga. Jambo hili linaniuma, kwa sababu mji wenyewe una hewa baridi ya kutosha na haukuhitaji hata kimoja.

Nirudi kwa fundi wenu alumini. Hakudanganya kwa makusudi; kioo cheusi kwa macho kinapunguza ukali, na watu wanadhani ukali na joto ni kitu kimoja. Kioo cheusi kinameza joto. Cha milimita 6 bado kinaingiza karibu asilimia 60 ya joto la jua, huku kikiondoa zaidi ya nusu ya mwanga. Mnapoteza rangi ya mlima na majani ya bustani, mchana mnawasha taa, na joto mmepunguza kwa robo tu. Kile cha kung'aa kama kioo cha kujitazamia ni afadhali kidogo kwa joto, ila kina mambo mawili ambayo wauzaji hawayasemi. Usiku mkiwasha taa kinageuka: wa nje anawaona, nyinyi ndani mnajiona wenyewe. Na kinarushia jirani jua lenu.

Kuna na hatari ya kupasuka. Kioo chenye rangi kikipigwa na jua katikati huku kingo zake zikiwa kwenye kivuli cha fremu, katikati kinatanuka na kingo zinabaki baridi. Kioo cha kawaida hakivumilii tofauti ya zaidi ya nyuzi 30 hadi 40 za joto. Ukienda kwenye nyumba iliyopasukiwa dirisha bila kupigwa jiwe, angalia ufa unapoanzia. Kama unaanzia ukingoni, ukatoka pale kwa pembe mraba na ukingo kama umepigiwa rula, sentimita mbili tatu za kwanza zimenyooka, ndipo unaanza kupinda kuelekea katikati, huo ni ufa wa joto. Ufa wa jiwe una kitovu na mistari inasambaa kutoka pale. Mara nyingi ukiuliza utaambiwa kioo kilikuwa cheusi, au kilibandikwa karatasi nyeusi juu, au sofa na pazia zito vilikigusa kwa ndani. Kwa upande wenu wa kaskazini, wenye kenopi, kioo cheupe kinatosha kabisa.

Jirani naye ana ukweli wa mahali pengine. Kioo cha tabaka mbili chenye hewa iliyofungiwa katikati kinazuia joto lisipite kutoka upande wa moto kwenda wa baridi. Kwa mtu wa Ulaya, ndani nyuzi 20 na nje theluji, ni lazima. Mjini Moshi tofauti kati ya ndani na nje ni ndogo karibu mwaka mzima. Adui wenu ni mionzi, na tabaka mbili za kioo cheupe zinaiacha sehemu yake kubwa ipite. Mtalipa karibu vioo viwili, fremu nzito zaidi, na ukingo wake ukivuja unyevu unaingia katikati na dirisha linabaki na ukungu usiofutika. Hata nyumba ya Arusha, ambako usiku wa Julai ni wa sweta, ningeshauri kwanza kuziba mianya ya fremu za slaidi.

Sasa ukubwa. Kabla ya kukubali mita 2.7 kwenda juu, tujiulize jicho linahitaji nini. Kibo kina mita 5,895, nyinyi mko kama mita 850 hivi, na umbali kwa mstari ulionyooka ni kilomita 30 na kidogo. Ukipiga hesabu, kilele kinakaa nyuzi 9 tu juu ya upeo. Mlima ni mkubwa, lakini hauko juu ya kichwa chenu. Uko mbele yenu. Mtu aliyekaa kwenye sofa, jicho lake likiwa mita 1.15 kutoka sakafuni na kioo kiko mita 3 mbele yake, anakiona kilele kupitia sehemu ya kioo iliyo mita 1.64 kutoka chini. Akisimama hapo hapo, ni mita 2.1. Aliyekaa mbali, mita 5 kutoka kwenye kioo, anakiona kwenye mita 1.96. Hakuna hata mmoja anayekihitaji kipande cha juu ya mita 2.4. Na ile kenopi mnayoogopa kuwa itaziba mlima haitakaribia hata kuugusa.

Kwa hiyo mimi ningeanzia kioo sentimita 45 kutoka sakafuni na kukimalizia mita 2.4. Ule ukuta mdogo wa chini unakuwa kiti kirefu cha mita 5: asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, mtu anakaa pale na chai yake mlima ukiwa wazi, kwa maana mchana mara nyingi mawingu yanaufunika na kuuachia tena jioni. Eneo la kioo linashuka kutoka mita za mraba 13.5 hadi 9.75. Tena kenopi ikikaa juu tu ya kioo, kile kivuli cha mita 2.36 cha mchana wa Juni kinafika chini ya mwisho wa kioo. Mchana hakuna jua linaloingia, tarehe yoyote ya mwaka.

Mgawe upana huo vipande vinne vya mita 1.25. Najua picha inaonyesha kioo kimoja kikubwa bila mkato. Vioo vikubwa vilivyo bapa na safi namna ile vilikuja kuwa vya bei ya watu wa kawaida baada ya kampuni ya Pilkington ya Uingereza kutangaza, mwaka 1959, njia ya kukielesha kioo kilichoyeyushwa juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, kikatoka laini pande zote mbili bila kusagwa. Sasa hata Mkuranga, mkoani Pwani, vinatengenezwa vioo bapa. Lakini kioo ni mzigo: kila milimita moja ya unene ina kilo 2.5 kwa mita ya mraba. Kipande cha mita 2.5 kwa 2.7 cha milimita 10 kina karibu kilo 170. Kukisafirisha barabarani ni shughuli, na siku kikivunjika mtasubiri kingine. Kipande cha mita 1.25 kwa 1.95 cha milimita 6 kina kilo 37. Watu wawili wenye glovu wanakibeba, na cha kubadilishia kinapatikana mjini.

Baba watoto nisimpite, kwa sababu hofu yake ina msingi, na mimi naiongezea nyingine: watoto. Kioo cha kawaida kikivunjika kinatoa mapanga. Viwango vya Uingereza, ambavyo wahandisi wetu wengi wamesomea, vinataka kioo cha usalama popote kilipo chini ya sentimita 80 kutoka sakafuni, na kwenye milango na pembeni mwake hadi mita 1.5. Kwenu kioo kinaanzia sentimita 45, kwa hiyo hakuna mjadala. Aina ni mbili. Tempa ni kioo kilichopashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 600 na kupozwa ghafla kwa upepo, kikawa na nguvu mara nne au tano ya kawaida; kikivunjika kinasambaratika vipande vidogo kama punje za mahindi. Hakikatwi wala kutobolewa baada ya kuchomwa, kwa hiyo vipimo vitolewe fremu ikiwa imeshakaa. Lamineti ni vioo viwili vilivyogandishwa kwa utando wa plastiki katikati. Kikivunjika, vipande vinabaki vimeshikamana ndani ya fremu.

Kwa milango ya slaidi chukueni tempa. Kwa vipande vinne vya kuutazama mlima chukueni lamineti, milimita 3 kwa 3, na ombeni utando wa milimita 0.76 badala ya 0.38. Mwizi akikipiga tempa mara moja kwa ncha kali, njia imefunguka. Lamineti atapiga, itapasuka nyota nyota, na bado ukuta uko mbele yake. Atapiga tena na tena, kelele zikiamsha mtaa mzima. Sisemi muache grili nyumba nzima. Madirisha mengine wekeni, na vyumba vya kulala vya ghorofani grili moja iwe ya kufunguka kwa ndani, ufunguo ukining'inia pale pale, kwa ajili ya moto. Ila mbele ya mlima, grili inaharibu kile mlichokijengea. Hapo lamineti, taa ya nje na mbwa vinatosha. Kama baba watoto bado hana amani, grili ya kukunja kwa ndani inafungwa usiku na kufichwa pembeni mchana.

Dukani msikubali neno tu. Tempa halali huwa na mhuri mdogo kwenye kona, umechomwa humo humo, haufutiki kwa kucha. Njia nyingine: vaa miwani ya jua ile ya polaroidi, ukitazame kioo kwa mshazari anga ikiwa nyuma yake. Tempa itakuonyesha madoa au mistari hafifu ya kivuli, iliyoachwa na upepo wa kupozea. Kioo cha kawaida hakionyeshi kitu. Lamineti iangalie ukingoni kabla haijaingia kwenye fremu, utauona uzi mwembamba wa plastiki katikati ya vioo viwili. Na unene upimwe kwa venia, kile kipimo cha kubana chenye kusoma hadi sehemu za milimita, si kwa macho. Kioo cha milimita 6 kinaruhusiwa kupungua au kuzidi 0.2 tu. Ukipimiwa 5.2, hicho si 6.

Upande wa machweo sasa. Dirisha la ngazi ligeuzeni kuwa mwanya mrefu na mwembamba, sentimita 40 kwa upana, au mjenge ukuta wa matofali ya matundu mbele yake kwa nje, nafasi ya sentimita 60 ikibaki katikati. Mwanga utaingia umechujwa na ngazi itapendeza. Chumba cha kulia kipeni dirisha lake kusini. Huko Desemba jua la mchana liko nyuzi 70, na kenopi ya sentimita 90 inalimaliza. Mkibakiza dirisha moja la magharibi, liwe dogo na lenye mapezi ya wima kwa nje yaliyoelekezwa kaskazini kidogo. Na pandeni. Nyinyi mko Uchaggani, migomba mnaijua kuliko mimi: safu mbili za migomba mita 3 kutoka ukutani zitawapa kivuli cha jioni ndani ya mwaka, wakati mparachichi unakua nyuma yake.

Hewa ipite. Dirisha la slaidi linafunguka nusu tu. Ukiweka vipande vinne vya slaidi mbele ya mlima umefunga nusu ya hewa yako maisha. Fanyeni viwili vya kati visifunguke kabisa na viwili vya pembeni vifunguke kwa bawaba, wazi kabisa, na wavu wa mbu kwa ndani. Kisha ukuta wa kusini wa sebule upate matundu ya juu, karibu na dari, hata ya luva kama zile za nyumba za zamani za Moshi. Hewa ya moto hupanda na kutokea huko. Usiku hewa baridi hushuka kutoka mlimani, na matundu hayo yakiwa wazi inapita na kuisafisha nyumba mpaka alfajiri.

Sasa ile boriti. Uwazi wa mita 5 wenye ukuta wa ghorofani juu yake si kazi ya linta ya kawaida ya nondo nne na kukisia. Mtafuteni mhandisi wa majengo aliyesajiliwa aipigie hesabu boriti pamoja na kenopi, kwa kuwa kenopi ya mita 1.2 inaning'inia na nondo zake kuu zinakaa juu, si chini. Nimeona mafundi wazuri wakizilaza chini kwa mazoea, na kenopi ikashuka fomu, yaani mbao za kushikilia zege, zilipotolewa. Mwambieni pia kwamba chini ya boriti kuna kioo, ili aangalie itapinda kiasi gani miaka ikienda. Zege hulegea taratibu. Boriti ikishuka milimita 10 na fremu imebanwa juu bila nafasi, uzito wa ghorofa unahamia kwenye kioo. Acheni nafasi ya kutosha juu ya fremu, ijazwe povu na kuzibwa kwa silikoni, isijazwe mota. Badiliko hilo la madirisha na kenopi liingizwe kwenye ramani na lipelekwe manispaa, kibali kisije kikawa cha nyumba nyingine.

Ndani ya fremu nako kioo kisiguse alumini. Kiache milimita 5 kila upande, na chini kikalie vipande viwili vya raba, kila kimoja robo ya upana kutoka kwenye kona. Nchi yetu hii inatikisika: Julai 2007 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga eneo la Gelai karibu na Ziwa Natron na Arusha ikalisikia. Kioo chenye nafasi kinacheza ndani ya fremu yake na kutulia. Kilichobanwa kinapasuka konani. Silikoni ya kuzibia lamineti iwe ile isiyonuka siki. Yenye harufu ya siki ni ya bei ndogo na mafundi wanaipenda, lakini asidi yake inaula utando kidogo kidogo na ukingo unaanza kuwa mweupe.

Mpangilio wa kazi nao muusimamie nyinyi wenyewe. Grili zote zichomelewe na plasta ikamilike kabla kioo hakijafika saiti. Cheche za kuchomelea zinajichimbia kwenye kioo na kuacha vidoa vya kahawia vya maisha, na maji ya saruji yakikaukia juu yake yanakila. Hapo hakuna sabuni wala wembe wa kukirudisha.

Jambo la mwisho la kukagua ni vitundu vya chini ya fremu, kwa nje, ambavyo maji ya mvua yaliyoingia kwenye reli yanatokea. Fundi anayetaka kazi ionekane safi huviziba kwa silikoni, kisha masika ya kwanza maji yanafurika ndani na parketi, sakafu ya mbao, inavimba. Pigeni magoti mvihesabu: angalau viwili kila kipande, na kijiti chembamba kiingie bila kukwama. Kabla ya kumlipa sehemu ya mwisho ya fedha yake, mwageni maji kwa mpira kwenye kioo dakika kumi, mkianzia chini na kupanda taratibu hadi juu, mtu mmoja akiwa ndani na tochi. Panapovuja atapaona, na fundi awe bado yupo.